Grupu la wafuga njiwa lisilokimbiwa na wanaojua: hatua kwa hatua

Mzee mmoja wa Mabatini hapa Mwanza, anayefuga njiwa juu ya mawe yale yale tangu ujana wake, alijitoa kwenye grupu letu saa nne usiku bila kuaga. Asubuhi nikampigia. Shikamoo, marahaba, kisha akaniambia: "Mwanangu, simu inalia mpaka usiku wa manane. Nikifungua nakuta tangazo la mkopo, video ya mpira na mtu anasema kaamka salama. Njiwa wako wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo mwongozo huu si wa kukusanya watu. Watu wanakuja wenyewe. Kazi ni kuwabakiza wale wachache wanaojua, maana wao ndio huondoka kwanza, tena kimya kimya. Mimi nazungumzia njiwa hapa Mwanza na WhatsApp, kwa sababu ndiko watu wangu waliko. Wewe mwenye samaki wa mapambo au bao, badilisha panapohitajika.

Hatua ya 1: Andika maelezo kabla hujamwalika mtu

Nafasi ya maelezo ya grupu inabeba herufi 2,048. Usizijaze, hakuna atakayesoma. Yetu yana sentensi nne: hapa tunazungumza njiwa tu, kuuza na kununua ni Jumamosi, siasa, dini na mikopo vina magrupu yake, salamu iweke ndani ya swali lako.

Hiyo ya mwisho niliiandika mara mbili. Mwanzoni nilikataza salamu za asubuhi moja kwa moja, nikaonekana sina adabu. Kwa watu wa huku kuanza kusema bila kusalimia ni kama kuingia kwa mtu bila hodi. Tukakubaliana: "Habari za leo wadau, njiwa wangu hali tangu jana" inaruhusiwa. "Habari za leo wadau" na picha ya ua, hapana.

Hatua ya 2: Linda mlango

Niliwahi kubandika kiungo cha grupu kwenye duka la chakula cha mifugo. Wiki hiyohiyo tukapata watu wanne wa "pesa ya haraka". Siku hizi kiungo kipo, ila kuidhinishwa na admini nimekuwasha. Kila anayeomba namwandikia faragha maswali mawili: una njiwa wangapi, na unawalisha nini? Mfugaji atajibu mtama, mahindi ya kuparaza, labda na makombe ya ziwani yaliyosagwa. Tapeli atakujibu, "Habari, nimevutiwa na kundi lako."

Nyumba yake usimuulize mbele ya watu. Mwanachama wetu mmoja alitupia picha ya jozi yake nzuri, nyuma yake ukionekana ukuta wa nyumba na namba ya mlango. Siku tano baadaye banda lilivunjwa. Siwezi kuapa kwamba mwizi alikuwa ndani ya grupu, lakini tangu siku hiyo picha zote ni za njiwa peke yake. Namba za simu nazo usizihamishie kwenye orodha nyingine bila ruhusa ya wenyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, namba ya mtu ni ya mtu.

Muwe maadmini watatu. Mmoja akiwa kazini au amelala, mwingine yupo.

Hatua ya 3: Wafundishe kuuliza

Hapa ndipo grupu linapona au linapokufa. Ujumbe wa kawaida unakuja hivi: "Jamani njiwa wangu anaumwa nisaidieni," na stika tatu za kulia. Ndani ya dakika kumi zimeshafika dawa kumi: kitunguu saumu, mshubiri, pilipili, vidonge alivyobakiza jirani. Anayejua kweli anatazama, anatikisa kichwa, anazima simu.

Sasa tuna maswali sita, na ombi lisilokuwa na majibu yake admini analirudisha kwa upole. Ana umri gani? Ameanza lini? Kinyesi kikoje? Anakula na kunywa? Umeingiza njiwa mgeni karibuni? Na la sita, ambalo wengi hulisahau: mfungue mdomo, piga picha kwenye mwanga.

Picha hiyo ndiyo iliyotuokoa mara moja. Mwenzetu wa Igoma alikuwa ameshaambiwa na watu saba kwamba kinda lake lina kideri, ule ugonjwa wa virusi wa kuku. Akatuma picha: kooni kuna uchafu wa njano kama jibini. Mfugaji mmoja ambaye huandika labda mara mbili kwa mwezi akasema huo si mwonekano wa kideri. Ni vimelea vya kooni, ambavyo wazazi huwapa makinda wakati wa kuwalisha, na njiwa wakubwa huambukizana kwenye maji ya kunywa. Afisa mifugo akathibitisha. Shingo kupinda ni habari nyingine kabisa: inaweza kuwa virusi vya ukoo wa kideri, inaweza kuwa bakteria, na dawa ya bakteria haiui virusi hata ukiimwaga ndoo nzima.

Ndiyo maana kwetu hakuna kutajiana vipimo vya dawa. Unaruhusiwa kusema "mimi nilipata hivi, nikafanya hivi". Kipimo utakipata kwa afisa mifugo wa kata yako.

Hatua ya 4: Siku ya soko

Jumamosi tu, picha moja, bei iandikwe. Ona njiwa kwanza, lipa ukiwa umemshika. Aliyetuma pesa kwa simu kabla ya kuona, grupu halimdai mtu kwa niaba yake.

Hatua ya 5: Ugomvi uuzime faragha

Ujumbe mbaya admini anaweza kuufuta kwa wote; ufute, kisha mwandikie mhusika pembeni. Mara ya pili onyo, ya tatu anatoka. Lakini aliyekosea akiwa mtu mzima kuliko wewe, usimwandikie kabisa. Mtafute wa rika lake ampigie. Nilimwonya mzee mmoja mbele ya watu na nikawapoteza wazee watatu kwa pigo moja.

Uvumi wa ugonjwa kuingia mjini usiuache ukalala. Muulize aliyeuleta ameutoa wapi, akishindwa kusema, futa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo, na wewe ndiye mwenye grupu.

Kila saa tatu usiku badilisha mpangilio ili maadmini tu watume ujumbe. Saa kumi na mbili asubuhi fungua. Ukisahau siku moja, utakumbushwa.

Hatua ya 6: Hifadhi majibu

Aliyeingia leo hawezi kupanda juu akasoma miaka miwili ya mazungumzo, na ujumbe uliobandikwa juu hukaa siku 30 kwa muda mrefu kabisa. Basi jibu zuri liwekee nyota. Mwisho wa mwezi yakusanye kwenye faili moja la maandishi matupu, lisile bando la mtu: banda, chakula, mayai, magonjwa. Kila jibu liwe na jina la aliyelitoa, kwa ruhusa yake. Mtu akiuliza kwa mara ya mia moja mayai mawili yanaanguliwa lini, mtumie faili, usimwudhi fundi.

Faili la kwanza nililichapisha, nikapanda nalo mawe ya Mabatini. Mzee alilisoma akiwa amesimama mlangoni mwa banda, akaomba kalamu, akasahihisha mambo matatu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii ya siku kumi na saba mpaka kumi na nane, nani kaandika vizuri hivi?"

"Ni wewe, mzee. Mwaka jana."

Akacheka, akarudisha kalamu. "Basi niingize tena. Ila usiku funga."