Bega linauma ukinyanyua vyuma? Anza na tyubu ya baiskeli

Nimemsaidia kijana mmoja wa jimu ya mtaani hapa Umoja, ambaye bega lilimsumbua kila akilala benchini kusukuma chuma. Dawa zote za kuchua alikuwa ameshazimaliza.

Hatua ya 1: Lichunguze. Inua mkono kupitia ubavuni hadi juu. Bega likiuma katikati ya njia kisha likaachia, mara nyingi ni kano za misuli midogo inayoshikilia kiungo cha bega. Ukishindwa kabisa kuinua, au vidole vina ganzi, nenda hospitali.

Hatua ya 2: Acha kwanza kusukuma chuma, iwe benchini au nyuma ya shingo. Miguu endelea nayo.

Hatua ya 3: Zungusha bega kwa mpira. Hapa ndipo wengi huharibu. Mwombe fundi wa baiskeli tyubu kuukuu, ikate iwe kamba ndefu. Ikague, maana yenye nyufa hukatika ikakuchapa usoni. Ifunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko, usimame kiubavu, bega lisilouma likiwa upande wa nguzo, na mpira uushike kwa mkono wa bega linalouma. Kunja kiwiko nyuzi 90, ubane taulo kati yake na mbavu. Sasa vuta mkono utoke tumboni kwenda nje, polepole, na kurudi polepole zaidi. Taulo ikianguka, au kiuno kikigeuka pamoja na mkono, hiyo haihesabiwi. Fanya mara 15, raundi 3, siku moja ukifanya, siku moja ukipumzika. Maumivu madogo si neno, lakini ukiamka bega limezidi kuuma, sogea karibu na nguzo mpira ulegee. Na dambeli? Usiniletee. Ukisimama nayo, uzito wake unavuta chini, si kando, kwa hiyo misuli unayoitafuta imelala tu. Labda ulale kiubavu, tena na dambeli ndogo sana.

Hatua ya 4: Rudi benchini na chuma kitupu, bila uzito pembeni. Vuta makombe ya mabega nyuma yakandamize benchi. Viwiko vikae kama nyuzi 45 kutoka mbavuni, visitanuke kama msalaba. Vile vyuma vya kuchomelewa vya jua kali vipime kwanza kwenye mizani ya duka la nafaka, kwani pande mbili mara nyingi hazilingani.

Hatua ya 5: Kila seti moja ya kusukuma, fanya mbili za kuvuta. Kifua kitasubiri.

Wiki sita zikipita bila nafuu, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia alishike hilo bega mwenyewe.