Kabla hujachomwa sindano Marekani: namna ya kukagua leseni ya mtabibu wa tiba za Asia

Kazi nyingi tunazofanya huku zinaumiza mgongo. Kumgeuza mgonjwa kitandani usiku kucha, kuendesha lori majimbo kwa majimbo, kusimama ghalani saa kumi na mbili mfululizo. Vidonge vya maumivu vikishindwa kufanya kazi, mtu anashauriwa ajaribu akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina, au hijama, au dawa za ayurveda kutoka India. Sina neno na ushauri huo. Ninachoomba ni kwamba kabla hujavua shati na kulala kifudifudi, ujue aliyesimama juu yako ameruhusiwa na nani kufanya anachotaka kufanya.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Marekani haina leseni moja ya taifa kwa watabibu hawa. Aliyezoea Tanzania Bara, ambako Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linasimamia waganga wote chini ya sheria ya mwaka 2002, atatafuta chombo kama hicho Washington na hatakipata. Leseni hutolewa na jimbo. Mtabibu mwenye leseni ya Maryland akihamia Texas, hagusi sindano mpaka Texas imkubali.

Utaratibu huu bado mchanga. Julai 1971 mwandishi James Reston wa New York Times alieleza jinsi alivyochomwa sindano Beijing kupunguza maumivu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, na Wamarekani wengi wakaisikia tiba hiyo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1973 Nevada ikatunga sheria ya kuitambua. Majimbo mengine yalifuata moja moja, na leo karibu yote yana sheria. Alabama, Oklahoma na South Dakota ndiyo yaliyokaa muda mrefu bila sheria mahususi ya akupancha. Ukiishi kwenye jimbo la namna hiyo, usidhani kutokuwa na leseni maana yake kila mtu ameruhusiwa. Uliza bodi ya madaktari ya jimbo lako nani anakubaliwa kuchoma sindano.

Leseni ina uzito kiasi gani?

Ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Vyuo vya fani hii huidhinishwa na tume iitwayo ACAHM, inayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Shahada ya uzamili ya akupancha peke yake inadai angalau saa 1,905 za masomo na mazoezi. Ukiongeza mitishamba zinafika 2,625. California inadai 3,000, na kati ya hizo 950 ni za kliniki, mbele ya wagonjwa halisi. Kisha kuna mitihani. Majimbo mengi hutumia ile ya bodi ya taifa iliyojulikana miaka mingi kwa jina la NCCAOM, inayopima misingi ya tiba, sehemu za kuchoma na elimu ya mwili kama inavyofundishwa hospitalini. Kuna pia kozi ya usafi wa sindano.

Hayo yote hayathibitishi kwamba sindano zitaponya ugonjwa wako. Yanathibitisha kwamba mtu huyu anajua mapafu yako yamekaa wapi. Nasema mapafu kwa makusudi: sindano ikizama mno kifuani au juu ya bega inaweza kutoboa pafu, na hewa ikavujia nje yake. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea. Ukitoka kliniki kisha ukaanza kubanwa kifua na kupumua kwa shida, nenda chumba cha dharura na uwaambie ulichomwa sindano wapi.

Kukagua jina

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa sababu kila jimbo limeweka kazi hii kwenye ofisi tofauti. California ina Bodi ya Akupancha inayojitegemea chini ya idara ya kulinda wateja. New York imeikabidhi Idara ya Elimu ya jimbo, mahali ambapo wengi hawafikirii kutafuta. Texas iko chini ya bodi ya madaktari, Massachusetts vivyo hivyo, na jimbo la Washington liko chini ya Idara ya Afya. Andika kwenye mtandao jina la jimbo lako pamoja na maneno acupuncture license lookup, kisha fungua tovuti inayoishia na .gov. Zile nyingine zenye orodha za watabibu na nyota za wateja ni matangazo ya biashara.

Tafuta jina la mtu, si la kliniki. Ukimpata utaona namba ya leseni, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kwisha, na hali yake. Active au Current ni nzuri. Expired au Delinquent maana yake hajahuisha, na hapaswi kuhudumia mtu mpaka ahuishe. Probation maana yake bodi imemkuta na kosa na inamwangalia. Usikimbie kabla hujasoma: mara nyingi faili la uamuzi limeambatishwa hapo hapo, na utaona mwenyewe kama kosa lilikuwa la kuchelewesha karatasi au la kumshika mgonjwa vibaya. Revoked maana yake leseni imefutwa: ondoka.

Sasa angalia ukutani kliniki. Karatasi yenye muhuri wa jiji na jina la duka ni kibali cha biashara, kama kile cha saluni. Hakina uhusiano wowote na taaluma. Leseni ya taaluma ina jina la mtu, jina la jimbo, namba na tarehe ya kwisha, na namba hiyo inapaswa kulingana na uliyoiona mtandaoni. Kama kliniki ina watabibu watatu na ukuta una leseni moja, uliza ni ya nani, kisha uliza leo unahudumiwa na yupi.

Vyeo visikuchanganye. Majimbo mengi hutumia L.Ac., yaani mtabibu wa akupancha mwenye leseni. Florida humwita mtu huyo huyo Acupuncture Physician, na New Mexico humwita Doctor of Oriental Medicine. Herufi kama DACM au DAOM ni shahada za udaktari wa chuo katika fani hiyo hiyo. Ni elimu ya kuheshimika, ila haimfanyi mtu kuwa daktari wa hospitali, na hawezi kukuandikia dawa ya presha au kukuambia uache uliyoandikiwa.

Kuna wengine wanaochoma sindano bila leseni ya akupancha na wako ndani ya sheria. Majimbo mengi huwaruhusu madaktari, ama moja kwa moja au baada ya mafunzo ya ziada. New York inawadai saa 300. Wataalamu wa fiziotherapia nao katika majimbo mengi hutumia sindano hizo hizo kwenye misuli iliyokaza, chini ya jina la dry needling, ila California haiwaruhusu. Ukiambiwa jina hilo, uliza mafunzo yake yalikuwa ya saa ngapi, kisha linganisha na zile 1,905. Na wewe uliye nesi au msaidizi wa wagonjwa: leseni yako ya uuguzi haikupi ruhusa ya kumchoma jirani sindano za akupancha, hata kama umehudhuria semina.

Texas ina kipengele cha ziada. Isipokuwa kwa mambo machache kama maumivu sugu na uraibu, mtabibu anatakiwa ahakikishe kwanza umepimwa na daktari kuhusu tatizo lako. Akikuuliza swali hilo, anafuata sheria.

Unapolala kitandani

Tangu 1996 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inadai sindano za akupancha ziwe zimetakaswa na zitumike mara moja tu. Zinakuja kwenye vipaketi vidogo vilivyofungwa, plastiki upande mmoja na karatasi upande wa pili. Kipaketi kifunguliwe mbele yako. Akimaliza, kila sindano iingie kwenye kopo gumu la sindano zilizotumika, siyo kwenye pipa la takataka wala kwenye sahani ya kusubiri kuoshwa. Ukiona sahani, vaa shati lako. Hijama ya kunyonya tu kwa vikombe haivunji ngozi. Ile ya kuchanja na kutoa damu inavunja, kwa hiyo idai usafi ule ule na uulize kama jimbo linamruhusu kuchanja.

Dawa ni habari nyingine kabisa

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo nimeona watu wazima na akili zao wakijiamini kupita kiasi. Leseni ya sindano si lazima iwe leseni ya mitishamba. Katika majimbo kadhaa mtihani wa mitishamba ni wa peke yake, na mtu anaweza kuwa fundi wa sindano bila kuufanya. Muulize wazi.

Zaidi ya hapo, hata mtabibu akiwa na leseni safi, chupa anayokupa haina. Kwa sheria ya 1994 mitishamba mingi huuzwa Marekani kama virutubisho, na virutubisho haviidhinishwi na FDA kabla ya kufika dukani. Mamlaka huingilia baada ya madhara kuonekana. Efedra, mmea ambao Wachina huuita ma huang, ilipigwa marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004, baada ya kuhusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Mimea yenye asidi ya aristolokiki iliharibu figo za wanawake waliokuwa wakipunguza uzito kwenye kliniki moja Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na asidi hiyo husababisha saratani ya njia ya mkojo pia.

Dawa za ayurveda zina tatizo lake. Baadhi ya mapishi yake huchanganya madini kwa makusudi. Watafiti walionunua dawa 70 kwenye maduka ya eneo la Boston walikuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Matokeo yao yalichapishwa 2004. Ni moja kati ya tano. Kwa mtoto mdogo risasi haina kiwango salama. Vituo vya kudhibiti magonjwa, CDC, vimezitaja kwa majina dawa kama ghasard ya India, ba-baw-san ya China na daw tway ya Thailand na Myanmar, ambazo wazazi huwapa watoto kwa ajili ya tumbo. Ukiwa umempa mwanao unga wowote wa namna hii, mwambie daktari wake ampime risasi kwenye damu. Ni kipimo cha kawaida, na hakuna atakayekuita mzazi mbaya.

Mwonyeshe daktari wako chupa yenyewe, au picha ya lebo upande wa viambato. Mizizi ya mlikorisi, iliyomo kwenye mchanganyiko mwingi wa Kichina, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Dong quai, mzizi mwingine wa Kichina, haipatani na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukiwa mjamzito sema kabla ya sindano na kabla ya dawa.

Wasio na leseni kabisa

Hakuna jimbo linalotoa leseni ya ayurveda. Kuna vyama vya hiari vinavyotoa vyeti, lakini cheti cha chama hakina bodi ya kukisimamisha. Baadhi ya majimbo yamewaruhusu watoa huduma hawa wafanye kazi kwa masharti. California inawataka wakueleze kwa maandishi kwamba wao si madaktari wenye leseni, nawe utie sahihi kwamba umeelezwa. Minnesota inawataka wakupe hati ya haki za mteja, inayosema wazi kwamba jimbo halijaweka viwango vya elimu kwa kazi yao, na inayotaja ofisi ya kupeleka malalamiko. Karatasi hiyo ikitolewa, isome kabla ya kusaini. Isipotolewa, hiyo yenyewe ni sababu ya kuondoka.

Malipo na malalamiko

Wazazi tuliowaleta wakiwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, tangu Januari 2020 inalipia akupancha kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini tu: mara 12 ndani ya siku 90, na 8 zaidi kama kuna nafuu. Mtabibu wa akupancha hawezi kuidai Medicare mwenyewe; lazima huduma ipitie kwa daktari au mhudumu anayekubaliwa. Uliza hilo kabla, vinginevyo bili itakuja nyumbani. Bima za kazini hutofautiana sana. Fedha za akaunti ya HSA au FSA, zile za kuweka akiba ya matibabu bila kodi, zinaweza kutumika.

Ukidhurika au ukaguswa isivyo, peleka malalamiko kwenye bodi ile ile uliyokagua jina. Fomu iko mtandaoni. Andika tarehe, alichofanya na alichosema, na ambatisha risiti na picha. Bodi ya leseni si idara ya uhamiaji, wala si mahakama ya kukulipa fidia. Kazi yake ni kuamua kama mtu huyu aendelee kuhudumia wengine.

Kwa waliosomea tiba ya Kichina China kwenyewe na sasa wako huku: shahada yako haitupwi, ila lazima itathminiwe na shirika linalokubaliwa na jimbo husika, somo kwa somo na saa kwa saa. Omba nakala rasmi za matokeo chuoni kwako mapema, pamoja na barua inayotaja saa za kliniki, kwa sababu hizo ndizo hukosekana mara nyingi. California hupokea maombi ya leseni kwa namba ya mlipakodi ya ITIN kama huna namba ya hifadhi ya jamii. Chagua jimbo utakaloishi kwanza, kisha usome masharti yake, ndipo ulipie tathmini.