Nyumba ya Bei ya Kutupa Dar es Salaam: Jinsi ya Kupima Kama Inamfaa Kijana Anayenunua kwa Mara ya Kwanza

Kijana aliyezoea kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akisikia kwamba mahali fulani Mbezi, Chanika au Kigamboni kuna nyumba ya vyumba vitatu inayouzwa kwa shilingi milioni 38 wakati nyumba za jirani zinazofanana nayo zinatajwa kwa milioni 70, hupatwa na tamaa na woga kwa wakati mmoja. Vyote viwili havimsaidii. Msemo wa "rahisi ni ghali" nao hautoshi, kwa sababu zipo nyumba za bei ya chini ambazo hazina kasoro yoyote isipokuwa haraka ya mwenyewe ya kupata fedha. Kazi ya mnunuzi ni kuitafuta sababu ya bei hadi aipate, kisha ajiulize swali ambalo tajiri mwenye nyumba tano hana haja ya kujiuliza: je, mimi mwenye akiba hii moja tu ninaweza kuubeba mzigo huo?

Anza kwa kuhakikisha kwamba bei ni ndogo kweli. Dalali huilinganisha nyumba anayoiuza na nyumba yenye hati iliyo kwenye kiwanja kilichopimwa, ilhali mkononi mwake ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hizo ni bidhaa mbili tofauti, na tofauti ya bei zake haiwezi kuitwa punguzo. Tembelea nyumba tatu au nne za eneo hilohilo zenye nyaraka za aina hiyohiyo, uliza waliouza karibuni walipokea kiasi gani mkononi, si kiasi walichotangaza, na ukiweza mlipe mthamini aliyesajiliwa akuandikie thamani. Si ajabu ukagundua kwamba wenzake wa kweli wa nyumba ya milioni 38 ni nyumba za milioni 45, na kwamba sehemu kubwa ya mshangao ilitengenezwa kwa maneno.

Ikiwa bei bado ni ndogo baada ya hapo, shughulikia nyaraka, na fanya hivyo kabla ya kuingia ndani ya nyumba, kwa kuwa mtu akishaiona sebule na kuanza kupanga makochi kichwani huwa hasomi karatasi vizuri. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kinachonunuliwa kisheria ni haki ya kuitumia. Haki iliyo imara zaidi mjini ni hati miliki, ambayo hutolewa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99 chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Leseni ya makazi, inayotolewa katika maeneo yaliyojengwa bila kupangwa, ni haki ya muda mfupi. Ukisogea pembezoni, kuelekea Mkuranga, Kibaha au Bagamoyo, unaweza kukutana na hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo ni ya ardhi ya kijiji na ina sheria yake, hivyo mapatano yako na muuzaji hayakamiliki bila uongozi wa kijiji husika. Karatasi ya mauziano peke yake inathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana. Haithibitishi kwamba mmoja wao alikuwa na kitu cha kuuza.

Kama nyumba ina hati, chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, kisha uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama kuna mtu aliyeliweka. Upekuzi huo uufanye mwenyewe au kupitia wakili uliyemtafuta wewe. Ule ulioletwa na muuzaji ukiwa tayari ndani ya bahasha haukusaidii, hata kama muhuri wake unang'aa. Dai pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi kwa miaka iliyopita, kwa sababu deni hilo hukifuata kiwanja na litakusubiri siku ya kuhamisha miliki. Baada ya hapo mlipe mpima ardhi aje na ramani ya upimaji azitafute bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Inatokea kwamba hati ni halali kabisa na nyumba ni imara kabisa, lakini nyumba imesimama kwenye kiwanja cha jirani.

Sababu ya bei ndogo ninayoiogopa kuliko zote ni mirathi isiyokwisha. Baba amefariki, watoto ni saba, mmoja anaishi katika nyumba, naye ndiye anayeiuza, kwa bei ya kutupa kwa kuwa anataka kumaliza kabla ndugu zake hawajajua. Atakuonyesha hati yenye jina la baba, kitambulisho chake chenye ubini uleule, na hata muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi nyingi. Muhtasari huo haumpi mamlaka ya kuuza. Anayeweza kukuuzia mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na unapaswa kuiona barua ya uteuzi wake, kwenda mahakama iliyoitoa, na kuhakikisha kwamba shauri hilo lipo na halina pingamizi. Hata hapo mimi ningependa kuwaona warithi wengine wakitia sahihi mbele ya wakili mmojammoja, kwa sababu dada aliye Mwanza ambaye "ameshakubali kwa simu" anaweza kufika miaka mitatu baadaye akiwa na wakili wake. Mtu mwenye mtaji mkubwa anaweza kununua mgogoro wa namna hiyo na kusubiri Baraza la Ardhi na Nyumba liamue. Kijana aliyekopa kutoka SACCOS hawezi, kwa kuwa marejesho hayasubiri hukumu.

Jambo linalokaribiana na hilo ni ndoa. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mke au mume ambaye jina lake halimo kwenye hati. Muuzaji akikuambia kwamba mke wake yuko safarini, subiri arudi. Akisema hana mke, apate kiapo cha maandishi, na wewe uwaulize majirani.

Sasa nenda kwenye eneo lenyewe, na usiende na dalali. Tazama kwanza ukuta wa mbele. Wakazi wa jiji hili wanaifahamu alama ya X nyekundu inayowekwa kwenye nyumba zilizo katika hifadhi ya barabara, bondeni au kwenye njia ya miradi, na ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya katika nyumba ambayo kuta zake nyingine tatu zimechakaa unastahili maswali. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kwa kawaida hufika mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, lakini kipimo hicho kisikulaze usingizi. Katika Barabara ya Morogoro hifadhi ilikuwa pana zaidi kwa mbali, na mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa, zikiwemo ambazo wenyewe walikuwa wameishi humo miaka mingi, wakiwa na umeme na maji yaliyounganishwa rasmi. Kwa hiyo LUKU ukutani si ushahidi wa uhalali. Peleka maelezo ya mahali nyumba ilipo kwa afisa ardhi na afisa mipango miji wa halmashauri, omba kuuona mchoro wa mipango miji, na uulize waziwazi kama kuna barabara, reli, bomba au njia ya umeme mkubwa inayopita au inayopangwa kupita hapo.

Maji ni kisa kingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuzihamisha familia kutoka Bonde la Msimbazi hadi Mabwepande, na mwishoni mwa mwaka 2015 ubomoaji ukafuata katika bonde hilohilo. Hata hivyo nyumba za bondeni huendelea kuuzwa, hasa miezi ya kiangazi, ambapo mto unaonekana kama mfereji mdogo wenye majani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, na nyumba iliyo ndani ya mita hizo isikusumbue kichwa hata kama inatolewa kwa robo ya bei. Kwa zilizo mbali kidogo, njia nzuri ni kurudi wakati wa mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na muuzaji anayekataa kabisa kusubiri mvua moja amekujibu tayari. Mimi niliwahi kuipenda nyumba fulani mwezi wa Agosti. Niliporudi Aprili sikuweza kuifikia, kwa kuwa barabara ya mtaa ilikuwa imegeuka korongo na bajaji zote zilikuwa zinaishia kwenye lami.

Kama huwezi kusubiri, jifunze kuuliza. Ukimuuliza jirani kama nyumba ina tatizo, atasema haina, kwa sababu hataki kuharibu biashara ya mwenzake. Muulize badala yake: "Mama, mvua za mwaka jana maji yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa mkono kwenye ukuta. Mpangaji anayeishi ndani ni shahidi bora kuliko wote, naye anajua choo hujaa kila baada ya miezi mingapi, gari la majitaka huweza kuingia au haliingii, na maji ya bomba hutoka siku zipi. Mjumbe wa shina na mama ntilie wa kona wanafahamu kama nyumba hiyo imewahi kuuzwa mara mbili. Nenda pia usiku wa Jumamosi, kwa kuwa baa ya jirani huwa kimya saa nne asubuhi.

Kasoro za jengo lenyewe ni habari njema kwa kulinganisha, kwa sababu nyingi zina bei inayojulikana. Mlipe fundi mwashi na fundi umeme wasiomjua muuzaji, au mhandisi ukimudu. Nyufa nyembamba za plasta hazitishi. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kuweza kupokea sarafu unaonyesha kwamba msingi unatembea, jambo linalotokea hasa kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Plasta inayobomoka kama unga na kuacha chumvi nyeupe karibu na sakafu huashiria unyevu unaopanda au mchanga wenye chumvi, na rangi mpya huificha kwa miezi michache tu. Panda darini ukatafute mchwa kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Andika gharama ya kila kitu, ongeza akiba ya theluthi kwa yale ambayo fundi hakuyaona, kisha jumlisha na bei.

Hapo ndipo swali la kumfaa kijana linapojibiwa. Tuchukue mfano wa nyumba ya milioni 38 inayohitaji paa jipya, shimo jipya la choo na nyaya mpya kwa milioni 14. Jumla ni milioni 52, bado chini ya bei ya eneo ikiwa zinazofanana nayo kweli zinauzwa kwa milioni 70. Kwa mwenye milioni 60 benki, hilo ni jambo zuri. Kwa mwenye milioni 40 ni mtego, kwa kuwa atahamia kwenye nyumba inayovuja akiwa amebakiwa na fedha za kula, huku ada ya wakili, ushuru wa stempu wa asilimia 1 na malipo mengine ya kuhamisha miliki yakimsubiri. Hesabu pia safari. Ukihama kutoka chumba cha Sinza kwenda Chanika na kazi yako iko Posta, linganisha kodi uliyookoa na nauli ya mwezi, na saa utakazokaa kwenye foleni uzihesabu kama mshahara. Kijana asiye na uhakika kama mwakani atakuwa Dar es Salaam au atahamishiwa Dodoma ajiulize pia nani atainunua nyumba hiyo kutoka kwake; kasoro iliyokupa bei nzuri itampa mnunuzi wako nafasi ya kukubana vilevile.

Kwa maoni yangu, kijana anaweza kuikubali nyumba ya bei ndogo ikiwa sababu yake ni haraka ya muuzaji iliyothibitishwa, jengo baya kwenye ardhi safi, au umbali ambao kazi yake inauruhusu. Nyaraka zenye mashaka, bonde na hifadhi ya barabara aviache, bila kujadili bei. Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na fedha taslimu, mwache aje.

Ukiamua kununua, usitume "fedha ya kushikia" kwenye namba ya simu ya mtu. Mkataba uandikwe na wakili wako, malipo yapite benki kwenda kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati, na yagawanywe, sehemu kubwa ikibaki hadi nyaraka za uhamisho zitakapopokelewa. Mkataba utaje nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana katika mauzo, ambayo kisheria ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi huitaja siku ya mwisho kana kwamba ni yako. Nyumba ikabidhiwe ikiwa tupu, bila mpangaji wala shangazi aliyebaki kwenye chumba cha uani, na jioni hiyohiyo ubadilishe vitasa, usome dira ya maji mbele ya muuzaji, na ununue umeme wa shilingi elfu chache ili uone kama mita ya LUKU ina deni.