Kusoma kuta za kanisa la kijijini Uingereza: maelezo ya mwashi wa Buguruni

Mpwa wangu anakwenda kusoma Norwich, mji wa mkoa wa Norfolk, Uingereza. Nimemwambia Jumamosi zake azunguke makanisa ya vijijini. Mimi ni mwashi, na nilipomtembelea dada yake huko Norfolk nilishinda wiki mbili nikitazama kuta. Nawe ukifika, fanya hivi.

Usikimbilie ndani. Zunguka nje polepole, uguse ukuta. Norfolk haina mawe mazuri ya kuchonga, kwa hiyo wazee wao walijengea gumegume, jiwe gumu la kutolea cheche, la kuokota mashambani, wakalishika kwa chokaa. Nilikumbuka magofu ya Kunduchi: matumbawe na chokaa, ufundi uleule. Gumegume ni gumu kutolea pembe. Wengi husema ndiyo sababu mkoa huo una minara ya duara zaidi ya 100. Mimi nimelishika jiwe lile, naamini. Ukikuta kiraka cha saruji, huo ni uharibifu. Chokaa huacha ukuta upumue, saruji hufungia unyevu ndani.

Kisha matao. Ya nusu duara mara nyingi ni ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioivamia nchi mwaka 1066, au ya kabla yao. Yaliyochongoka yaliingia mwishoni mwa miaka ya 1100. Zoesha jicho hapahapa Dar, kanisa la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari: Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902 wakiiga matao hayo ya kuchongoka. Madirisha mapana yanayokaribia kumeza ukuta mzima ni ya baada ya 1350 hivi. Kanisa moja laweza kuwa na yote, kwa hiyo tafuta mshono: mahali mawe yanapobadilika, au mlango uliozibwa.

Ndani, birika la ubatizo liko karibu na mlango, madhabahu mashariki. Lakini kaa sana na kuta. Zamani zilijaa picha za watakatifu. Katika miaka ya 1500, Kanisa lao lilipojitenga na Roma, zikapakwa chokaa. Mulika kwa tochi ukiiegemeza ukutani, si kwa kuielekeza usoni mwa ukuta. Mimi niliona mkono mwekundu umejitokeza chini ya chokaa iliyobanduka. Chokaa iliyopakwa ili kuzificha ndiyo iliyozitunza.

Mlango ukiwa umefungwa, soma karatasi iliyobandikwa: huwa inaeleza ufunguo uko kwa nani. Ukitoka, urudishie mlango vizuri, ndege wasiingie.