Tradition au Liberty? Namna ya kupima mianzo ya Civ V mwenyewe

Wakuu, ukikaa na watu wanaocheza Civ V (Civilization V, gemu la kompyuta la kujenga taifa zamu kwa zamu) ubishi haukosi, mmoja anakwambia Tradition ndo baba lao, mwingine anasema Liberty, hiyo ni miti miwili ya sera ambayo wengi huanzia, na kila mtu keshaamua hata kabla ramani haijafunguka. Mi naona hapo ndo tunapokosea hesabu, sera unachagua baada ya kuona ardhi uliyopewa, na kama huamini ipo njia ya kupima, nitaieleza huko chini. Nazungumzia Civ V yenye Brave New World, ile nyongeza ya gemu iliyotoka 2013, spidi ya kawaida na ramani saizi ya kawaida, maana ukibadili hivyo namba nazo zinabadilika.

Tuanze na Tradition. Ukiifungua tu mji mkuu unapata utamaduni (pointi za kununulia sera) 3 kila zamu, na mwanzoni huo ni mwingi sana kwa sababu ikulu peke yake inatoa 1. Legalism inakupa jengo la utamaduni bure kwenye miji yako minne ya kwanza, yaani monumenti ambayo kila moja ingekula nyundo (pointi za uzalishaji wa mji) 40 na dhahabu 1 ya matunzo kila zamu, wewe hulipi kitu. Landed Elite inaongeza chakula mji mkuu, Monarchy inakata nusu ya kero (kinyume cha furaha) inayoletwa na raia wa mji mkuu na kukupa dhahabu 1 kwa kila raia wawili, na ukimaliza mti wote miji minne ya kwanza inapata mifereji ya maji bure na miji yote inakua kwa 15% zaidi. Umeona hiyo nne inavyojirudia? Ukijenga miji minne umekula kila kitu, ukijenga mitatu umeacha chakula mezani, ukijenga saba ile mitatu ya mwisho haipati karibu chochote.

Liberty inaenda kwa mwendo mwingine. Utamaduni 1 kwa kila mji, Republic nyundo 1 kwa kila mji, Collective Rule inakupa setla (anayeenda kuanzisha mji mpya) wa bure na setla wengine wa mji mkuu wanatoka haraka kwa 50%, Citizenship inaleta kibarua wa bure, Representation inaanzisha enzi ya dhahabu, Meritocracy inaleta furaha kwa kila mji uliounganishwa na barabara, na mwisho unajichagulia mtu mashuhuri mmoja bure. Huyo setla wa bure usimdharau. Setla ni nyundo 106, na mji mkuu wako wakati ule unatoa labda nyundo 7 kwa zamu, kwa hiyo umeokoa kama zamu 15, na mji ukiwa unajenga setla haukui hata kidogo, kwa hiyo umeokoa na ukuaji pia. Liberty inakulipa mapema, kati ya zamu ya 30 na 70 hivi, Tradition inakulipa pole pole af baadaye inalipa sana.

Sasa mbona watu wengi wanashinda na Tradition? Furaha. Kila mji mpya unaleta kero 3, juu yake kero 1 kwa kila raia, na bidhaa mpya ya anasa inakupa furaha 4. Piga hesabu, mji wa raia mmoja wenye anasa mpya umejilipia wenyewe sawasawa, ukifika raia wanne tayari una kero 7 na anasa yako bado ni 4 ile ile. Na anasa ya aina moja ukiwa nazo tatu furaha haiongezeki, zile mbili ni za kubadilishana na majirani tu. Kwa hiyo anayekimbilia miji saba kwenye ardhi iliyojaa pamba peke yake anajinyonga, furaha inaenda chini ya sifuri, ukuaji unakwama, na ndo hapo anaanza kulalamika Liberty mbovu.

Kwa hiyo kazi ya skauti, yule anayetumwa kukagua ramani, ndo hii. Kitu cha kwanza kujenga ni skauti, kwenye bara kubwa kama Pangaea hata wawili, alafu monumenti. Wakizunguka usiangalie magofu tu (yale yanayotoa zawadi kwa anayefika kwanza), hesabu AINA za anasa zilizo ndani ya eneo unaloweza kufika kabla ya jirani. Zikiwa tatu au nne, nenda Tradition usijisumbue. Zikiwa sita na kuendelea, ardhi ina vilima na mito na jirani yuko mbali, hapo Liberty inakaa vizuri. Sera ya kwanza ni utamaduni 25 kwa hiyo una muda wa kutosha wa kuangalia, hasa kama gofu halijakupa zile 20 za ghafla.

Taifa lako nalo lina neno. Venice hawezi kujenga setla kabisa, huyo Tradition bila mjadala. Ethiopia ya Haile Selassie napenda sana na Tradition, kwa sababu jengo lao la Stele linachukua nafasi ya monumenti na linatoa imani 2, Legalism inakumwagia Stele za bure, na wanapigana vizuri zaidi dhidi ya mtu mwenye miji mingi kuwazidi. Roma ni kinyume, jengo likishakuwepo mji mkuu miji mingine inalijenga kwa kasi ya 25% zaidi, kwa hiyo kadiri miji ilivyo mingi ndivyo faida inavyoongezeka. Honor, mti mwingine wa sera wa kivita, nitaipita haraka, ni tamu kama kuna washenzi wengi au unataka kumvamia jirani mapema, ila kama mwanzo wa kawaida inakuacha nyuma kwenye uchumi.

Namna ya kupima sasa. Tengeneza gemu jipya, kwenye mipangilio ya ziada zima magofu ya kale, la sivyo mara ya pili utakuwa unajua yalipo na utajidanganya. Sevu kabla hujakita mji wa kwanza. Cheza na Tradition mpaka zamu ya 100, na ukifika 50, 75 na 100 andika pembeni idadi ya miji, raia wote, sayansi kwa zamu, furaha, dhahabu kwa zamu, na zamu uliyomaliza National College (jengo la kuongeza sayansi, moja tu kwa kila taifa). Alafu loadi ile sevu ya mwanzo ucheze Liberty. Kompyuta haitafanya vitu vile vile mara zote mbili, jirani anaweza kukuvamia huku na kule asikuvamie, kwa hiyo ramani moja haitoshi, fanya tatu zenye ardhi tofauti.

Kwenye kusoma matokeo kuna mtego. Kila mji unapandisha gharama ya kila teknolojia kwa 5%. Kwa hiyo mwenye miji saba na sayansi 60 hajamzidi mwenye miji minne na sayansi 56, ile miji mitatu ya ziada imemwongezea kama 15% juu ya bei ya mwanzo, ukigawa unakuta wa miji minne yuko mbele kidogo. National College nayo inataka maktaba kwenye miji yote na bei yake inapanda miji ikiongezeka, ndo maana wa Liberty mara nyingi wanaichelewa. Wengine wanaijenga kabla ya kupanua, wengine wanamtumia yule mtu mashuhuri wa bure, wanachukua injinia wa kusukuma ajabu moja kubwa (jengo la pekee ambalo taifa moja tu duniani linalipata) au mwanasayansi wa kujenga akademia. Mi nachukua mwanasayansi karibu kila mara.

Usisahau na maajabu, Hanging Gardens inahitaji uwe umefungua Tradition, Pyramids inahitaji Liberty, kwa hiyo kama mpango wako wote umesimama kwenye moja ya hizo basi umeshachagua.

Asiye na kompyuta ajaribu Unciv kwenye simu ya Android, ni ya bure na haili nafasi, ila imefuata sheria za matoleo ya awali kwa hiyo baadhi ya namba nilizotaja hapa zitakuwa tofauti, angalia maelezo ya sera ndani ya gemu lenyewe.

Halafu kuna wale wa kuchanganya, wanafungua Tradition kwa ajili ya ule utamaduni 3 kisha wanahamia Liberty yote. Inawezekana, na sera zinakuja haraka kidogo, ila setla wa bure anachelewa kwa sera nzima, na mi sipendi kumchelewesha. Una sevu yako tayari, cheza raundi ya tatu hivyo uone zamu ngapi anachelewa kwenye ramani yako.