Jinsi ya kuwasiliana na mgonjwa wa Parkinson ambaye uso wake hauonyeshi hisia

Mgonjwa wa Parkinson anaweza kufurahi, kuchukia au kuona haya kama mtu mwingine yeyote, huku uso wake ukiwa haujabadilika hata kidogo. Ugonjwa huu huharibu polepole seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, na kemikali hiyo inapopungua, hupungua pia mijongeo ambayo mwili huifanya wenyewe pasipo kuamriwa: mikono kupunga wakati wa kutembea, kumeza mate, kupepesa macho, na tabasamu linalomtoka mtu anaposikia kichekesho. Tabasamu la kukusudia, kama lile la mbele ya kamera, kwa kawaida huathirika kwa kiasi kidogo zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayotupa pa kuanzia.

Wanaoumia mapema ni watu wa nyumbani. Mjukuu anatoa shikamoo, babu anaitika marahaba kwa sauti ya chini huku amemkazia macho, na mtoto anakwenda kumwambia mama yake kwamba babu kanuna. Kwa hiyo familia nzima, pamoja na watoto na msaidizi wa kazi za nyumbani, ielezwe waziwazi kwamba uso wa mzee hauonyeshi tena yaliyomo moyoni mwake, na kwamba anayetaka kujua hali yake hana budi kumwuliza. Wageni nao waelezwe kabla ya kukaribishwa ndani. Sentensi mbili zinatosha, na ni vyema mzee mwenyewe achague mapema zisemwe kwa maneno gani.

Kuuliza nako kuna namna yake. “Mbona umenuna?” ni swali linalomshtaki mtu kwa kosa ambalo hakulifanya. Uliza jambo linalojibika kwa urahisi: je, chai imekolea sukari, tuendelee na mazungumzo au umechoka? Kisha subiri, maana jibu huweza kuchelewa, na kimya cha sekunde kadhaa si dalili kwamba hakusikia wala kwamba akili yake imepungua. Kaa mbele yake penye mwanga na uzime redio, kwa sababu sauti yake nayo mara nyingi hufifia.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, na kwa maoni yangu ina faida kuliko mazoezi yote: kile ambacho uso umeshindwa kukisema kisemwe kwa mdomo na kwa mikono. Aseme “Nimefurahi umekuja, mwanangu,” huku akimshika mgeni mkono. Aseme “Hilo limenichekesha” pale ambapo zamani angecheka tu. Mwanzoni jambo hili huonekana kama maigizo, hasa kwa mwanamume aliyelelewa asitangaze mapenzi yake, lakini humwondolea mke wake mzigo wa kukisia kutwa nzima.

Mazoezi ya uso yafanywe mbele ya kioo, saa ambazo dawa inafanya kazi vizuri. Mgonjwa ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu na kuyafumbua, ajaze mashavu hewa, atamke a, i na u kwa kupanua midomo kupita kiasi, kisha atabasamu mpaka macho nayo yahusike, akishikilia kila tendo kwa sekunde chache kabla ya kulegeza na kurudia. Kusoma gazeti kwa sauti kubwa kunafaa pia. Asitarajie uso wa zamani kurudi wote. Matokeo hutofautiana, na panapopatikana mtaalamu wa tiba ya usemi, ni heri aongoze kazi hii.

Uso huweza kuchangamka au kuwa mzito zaidi kufuatana na dozi ya levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, hivyo andikeni saa za mabadiliko hayo na mumpelekee daktari, badala ya kuongeza au kukatiza dawa wenyewe. Kwa kawaida hushauriwa imezwe takribani nusu saa kabla ya chakula, kwani protini ya nyama au maharage huweza kuzuia isifyonzwe vizuri.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni sonona, ambayo huwapata wagonjwa wengi wa Parkinson na ambayo hapa haiwezi kutambuliwa kwa kumtazama mtu usoni. Ulizeni kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama bado anafurahia alivyovipenda, kama vile kusikiliza mpira au kwenda msikitini. Maumivu nayo hujificha vivyo hivyo: muuguzi anayemwona ametulia huweza kudhani hana shida, kwa hiyo mgonjwa ataje ukali wa maumivu kwa namba, kuanzia 0 hadi 10.

Uso ukianza kukauka kwa mtu ambaye hajapimwa, msiuite uzee. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wanaugua. Mnapokwenda kliniki, bebeni dawa zote anazotumia, kwa sababu baadhi yake, kama haloperidoli na kloropromazini za magonjwa ya akili, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zinaweza kuleta dalili hizohizo, na daktari akizibadilisha, mara nyingi dalili hupungua.