Kuchagua Aina ya Kuku na Kununua Vifaranga kwa Banda la Nyumbani Dodoma

Mkazi wa Ipagala au Nkuhungu anayetaka kufuga kuku thelathini nyuma ya nyumba yake huanza kwa kuuliza ni aina ipi iliyo bora, na jibu analopata hutegemea sana aliyeulizwa anauza nini. Kabla hajamfuata muuzaji yeyote, ni vyema akae na watu wa nyumbani mwake wakubaliane mambo matatu. La kwanza ni kama wanataka mayai, nyama au vyote viwili. La pili ni nani atakayekuwepo nyumbani mchana, kwa kuwa mtumishi anayeondoka alfajiri kwenda Mji wa Serikali wa Mtumba na kurudi jioni hawezi kulea vifaranga wa siku moja peke yake. La tatu ni chakula kitatoka wapi siku ambayo mfuko wa dukani umekwisha na mshahara haujaingia. Majibu hayo huondoa nusu ya aina zinazosifiwa mitaani.

Kuku wa kienyeji

Tunaishi jirani na Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji husifiwa hadi Dar es Salaam, na si haba kuanza na kile ambacho ardhi hii imekwisha kukizoea. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia, hulea vifaranga wake, kisha huanza upya, hivyo kwa mwaka mzima hupatikana mayai 40 hadi 60 hivi. Uzito wake mara nyingi hauzidi kilo moja na nusu. Hizo ni hesabu ndogo, lakini kuku huyu hujitafutia sehemu kubwa ya riziki yake, humkimbia mwewe kabla wewe hujamwona, na hahitaji mashine ya kutotolea mayai.

Jina la kienyeji hata hivyo linafunika kuku wa namna nyingi, na mnunuzi makini atawatofautisha. Kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, hupunguza joto la mwili kwa urahisi zaidi, na kwa Oktoba na Novemba za Dodoma, jua likiwa kali na mvua haijafika, faida hiyo inaonekana kwa macho: wenzake wakiwa wamejibanza kivulini midomo wazi, yeye bado anaparura. Kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kuelekea nje, naye huvumilia joto ingawa wanunuzi wengi humkwepa kwa sura yake. Kuchi ni mrefu, ana shingo ndefu na kilemba kidogo, na jogoo wake huweza kupita kilo tatu, ila hukua polepole, hutaga mayai machache na hupenda ugomvi. Kwa maoni yangu jogoo mmoja wa kuchi juu ya mitetea wa kawaida ni njia nzuri ya kuongeza umbo la vifaranga, lakini majogoo wawili katika uwanja mmoja ni kujitafutia kazi ya kuamua ugomvi kila asubuhi.

Mitetea wa kienyeji ni heri kuwanunua nyumbani kwa mfugaji, iwe Chamwino, Bahi au Kongwa, kuliko mnadani. Mnada wa Msalato ni mahali pazuri pa kula nyama choma Jumamosi, lakini kuku aliyeshinda huko ndani ya tenga amevuta pumzi pamoja na kuku wa vijiji ambavyo huvijui, na ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, husambaa hasa katika miezi ya kiangazi kwa njia hiyo hiyo. Ukifika kwa mfugaji, mshike kuku mkononi. Tazama pembezoni mwa macho na kwenye kilemba kama kuna viroboto walioganda kama punje nyeusi za ulezi. Pekua manyoya ya karibu na njia ya haja kutafuta utitiri. Kisha pima kwa vidole nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga. Kwa mtetea anayetaga, vidole viwili hadi vitatu huingia, na kwa asiyetaga kimoja huingia kwa shida. Ukishawaleta nyumbani, watenge wiki mbili mbali na kuku ulionao, na uwahudumie wao mwisho, baada ya wenyeji.

Chotara, na wale wa mayai na wa nyama

Wanaoitwa chotara mitaani kwa sehemu kubwa ni Sasso, ambaye asili yake ni Ufaransa, na Kroila, aliyetokana na kazi ya uzalishaji nchini India. Aina hizi mbili ndizo zilizojaribiwa Tanzania chini ya mradi wa kuboresha kuku wa Afrika ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Wakilishwa vizuri, majogoo hufikia kilo mbili na nusu au zaidi katika miezi minne hadi mitano, na mitetea hutaga mayai 150 au zaidi kwa mwaka. Rangi zao na mwendo wao hufanana na vya kienyeji, jambo ambalo kwa mnunuzi wa nyama ya kuku hapa Dodoma lina thamani yake.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji huyapitia haraka. Mitetea wengi wa chotara hawaatamii, kwa hiyo ukitaka kizazi kingine utahitaji mashine au mtetea wa kienyeji wa kuazima. Tena kizazi hicho cha pili hakitafanana na wazazi: wengine watakuwa wakubwa, wengine wadogo, na utagaji utashuka, kwa sababu kuku hawa ni matokeo ya kuchanganya nasaba maalumu za kuku. Anayekuuzia vifaranga aliowatotolesha kutoka kwa chotara wake wa nyumbani hakuuzii kitu kile kile, hata kama hana nia mbaya.

Kuku wa mayai kama Isa Brown na Hy-Line hutaga mayai 280 hadi 300 na zaidi kwa mwaka wa kwanza, wakianza karibu na wiki ya 18 hadi ya 20. Hapa hesabu ni ya chakula tu. Kuku mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kumi hula takribani kilo 36 kwa mwezi. Wakitaga mayai manane kwa siku, trei moja hujaa katika siku nne, baada ya kula kilo nne na nusu hivi. Linganisha bei ya trei na bei ya kilo hizo katika duka la karibu nawe, nawe utakuwa umejijibu. Ukiwapunguzia chakula, au ukawaacha wajitafutie kama wa kienyeji, watagoma kutaga. Kuku wa nyama, kama Cobb na Ross, hukomaa kwa wiki tano au sita, lakini joto la Dodoma huwaua kwa ghafla wanapokaribia kuuzwa, na sioni kama ni wa kuanzia nao kwenye uwanja wa nyumbani.

Wakati wa kuagiza

Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu joto huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo hupenya kila ufa, ilhali kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35. Mgeni wa kazi hii asijitie katika miezi hiyo kama hana jiko la uhakika na mtu wa kuamka usiku. Katikati ya Agosti ni wakati ninaoupenda: baridi inaondoka, mavuno ya mahindi, mtama na alizeti yameingia hivyo pumba na mashudu hupatikana kwa bei ya kuvumilika, na majogoo wa chotara watakaofika wakati huo watakuwa na miezi minne Krismasi inapoingia.

Kwa asiye na uzoefu, nashauri kununua vifaranga waliokwisha kulelewa kwa wiki nne, hata kama bei yao ni mara mbili au tatu ya wale wa siku moja. Wamepita umri wa kufa ovyo, wamechanjwa chanjo za mwanzo, na unaona unachokinunua.

Kwa muuzaji

Muuzaji wa kweli hujibu maswali bila kukasirika. Mwulize vifaranga wametotolewa kituo gani na lini, wamechanjwa mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, siku ya kwanza au la, na chanjo zipi zimebaki. Mwombe risiti yenye aina ya kuku na tarehe ya kutotolewa. Usikubali vifaranga wanaosemwa kuwa wamevuka mpaka kwa bei rahisi: Oktoba 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila kibali waliteketezwa Namanga, na sababu ya kukataza uingizaji wa namna hiyo ni hofu ya magonjwa kama mafua ya ndege.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua vifaranga sitini kwa wakala mmoja aliyewaita chotara. Walikuwa wote rangi moja, manjano iliyopauka, wachangamfu, nami nikafurahia jinsi walivyolingana. Wiki ya sita vilemba vilikuwa vyekundu kwa kila mmoja, miguu mirefu, na ya kumi walikuwa wakishindana kuwika huku hakuna hata mmoja aliyefika kilo moja. Walikuwa majogoo wa kuku wa mayai. Katika aina za mayai ya kahawia, vifaranga jike huzaliwa wakiwa wekundu wa kahawia na madume wakiwa wa manjano au weupe, kwa hiyo madume hutengwa siku ile ile na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Vifaranga wa Kroila huwa mchanganyiko wa rangi: weusi, kahawia, wenye mistari. Boksi zima la manjano linaloitwa chotara ni la kurudisha.

Funua boksi mbele ya muuzaji. Sikiliza kwanza, maana vifaranga wenye afya hulia kwa sauti ya chini, na wanaolia kwa nguvu wana baridi, joto au kiu. Mchukue mmoja, umlaze chali kiganjani; anapaswa kujigeuza ndani ya sekunde tatu. Kitovu kiwe kimefunga na kikavu, bila uzi wala alama nyeusi. Miguu ing'ae, ikiwa imenyauka kama ngozi ya mzee, amekosa maji muda mrefu. Rudia kwa kumi kutoka kila kona ya boksi, na wakionekana watatu wenye kasoro, acha.

Safari na siku ya kwanza

Boksi la kawaida huchukua vifaranga 100 katika vyumba vinne vya 25. Kiini cha yai kilichobaki tumboni huwatosha kwa siku mbili hadi tatu, hivyo safari ya basi kutoka Dar es Salaam haiwaui kwa njaa. Kinachowaua ni buti la basi. Mwombe kondakta akae nalo ndani, lisifunikwe na mizigo wala kuwekwa juu ya injini, na wewe uwe stendi ya Nanenane kabla basi halijafika.

Banda la kulelea liwe limewashwa jiko saa kadhaa kabla, maranda makavu yametandazwa na magazeti juu yake kwa siku mbili za mwanzo. Wape maji kwanza, yenye glukosi kidogo, ukichovya midomo ya wachache ili wengine waige. Chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Mkaa usiwake ndani ya chumba kisichopitisha hewa, kwa kuwa moshi wake huua vifaranga na mlezi pia.

Ratiba ya chanjo inayofuatwa na wengi ni kideri siku ya 7, gumboro, ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya vifaranga, siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Afisa mifugo wa kata ataisahihisha kulingana na hali ya eneo lako. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini huua chanjo ya kunywesha, hivyo tumia ya mvua au ya kisima safi. Baadaye, kwa kideri, chanjo ya matone ya jicho iitwayo TEMEVAC, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, huvumilia joto kuliko nyingine na hurudiwa kila miezi mitatu.

Kama una mtetea wa kienyeji anayeatamia, jiko laweza kuwa yeye. Usiku wa manane, bila taa kali, ondoa mayai yake na umsukumie vifaranga 10 hadi 15 wa siku moja chini ya mbawa, kisha uamke kabla hakujapambazuka ukasikilize. Akiwa anawaita kwa sauti ile ya chini, amewakubali. Akidonoa, warudishe kwenye jiko mara moja. Usiku huo huo, kwa wale wanaolelewa kwa jiko, papasa kifuko cha chakula chini ya shingo za vifaranga kumi: kikiwa kimejaa na laini, wamekula na kunywa, kikiwa kigumu, hawajapata maji ya kutosha, na kikiwa kitupu, songeza chakula karibu na mwanga kabla hujalala.